Jogoo wa Frankfort

Itifaki naomba ihesabiwe imezingatiwa, maana nikianza kuwataja wachungaji, masheikh, wazee wa jumuiya na kina mama walioamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi, chai itapoa. Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wa Bukavu na Uvira, jambo yenu. Vijana mliosimama kule nyuma, njooni mbele, viti vipo, wala sitawauliza maswali.

Swali lililonileta hapa sikulitunga mimi. Wiki mbili zilizopita, kwenye maegesho ya magari hapo nje, kijana mmoja alinisimamisha. Alikuwa amepunguziwa saa ghalani, kutoka saa 40 kwa wiki hadi 16. Amepata uraia wa Marekani juzijuzi tu, na Novemba 2027 atapiga kura ya gavana wa Kentucky kwa mara ya kwanza. Akaniambia, "Mwalimu, naomba unieleze bila siasa. Chama gani kikishika ugavana, kazi zinakuwepo?"

Nilimjibu kwa mkato kwa sababu mvua ilikuwa inaanza. Leo nina dakika zangu 20, na hakuna mvua.

Jibu nalitoa sasa hivi, ili mwenye zamu ya saa nane aondoke nalo. Chama cha gavana kinakigusa kiwango cha ukosefu wa ajira kidogo sana. Ukipewa chati ya jimbo lolote la nchi hii, majina ya magavana yakafutwa, huwezi kukisia mwaka gani alitawala Mdemokrati na mwaka gani Mrepublikani. Lakini gavana ana mkono katika maisha ya mtu aliyepoteza kazi, na mkono huo uko mahali ambapo wengi wetu hatuangalii. Kwa hiyo msiondoke wote.

Kwanza tuijue namba yenyewe. Wenzangu mliopita Burundi na Rwanda mnaita ubushomeri, wengine tunasema ukosefu wa ajira, na wote tunadhani tunajua maana yake. Kila mwezi serikali ya shirikisho inauliza kaya zipatazo 60,000 nchi nzima. Ili uhesabiwe huna ajira, ni lazima uwe hukufanya kazi ya malipo hata saa moja katika wiki wanayoulizia, uwe tayari kuanza kazi, na uwe umetafuta kazi ndani ya wiki nne zilizopita. Aliyetafuta akachoka, akakaa nyumbani, hayumo. Na yule kijana wangu wa maegesho, mwenye saa 16 na kodi ya nyumba ya mtu mwenye saa 40, kwenye namba hii ana kazi kama daktari wa hospitali alivyo na kazi.

Sisemi namba ni ya uongo. Nasema inapima kitu kimoja, na siyo kile ambacho mgombea anakizungumzia jukwaani. West Virginia, jirani zetu wa mashariki, kwa miaka mingi wamekuwa mwisho au karibu na mwisho kwa asilimia ya watu wazima walio kazini au wanaotafuta kazi. Kuna miaka kiwango chao cha ukosefu wa ajira kinapendeza, na sehemu ya uzuri huo ni watu walioacha kutafuta. Hata hapa Kentucky tuna ugonjwa huo. Halafu kumbukeni kwamba katika zile kaya 60,000, fungu la Kentucky ni dogo, ndiyo maana namba ya jimbo inasaidiwa na hesabu za makadirio. Gavana akiita waandishi wa habari kutangaza kwamba kiwango kimeshuka kwa sehemu moja ya kumi ya asilimia, mpigieni makofi kwa adabu, mwendelee na shughuli zenu.

Sasa jogoo.

Mnaujua msemo wetu: jogoo awike asiwike, kutakucha. Jogoo wa Frankfort, yaani gavana wetu kule makao makuu ya jimbo, naye anawika kila kunapokucha. Tutazame miaka ya karibuni hapa hapa kwetu. Mwaka 2009, gavana akiwa Steve Beshear, Mdemokrati, ukosefu wa ajira Kentucky ulipita asilimia 10. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa mmojawapo. Nilikuwa napanga maboksi zamu ya usiku kwa kampuni ambayo sitaitaja. Ijumaa moja tukaambiwa tusirudi Jumatatu, na msimamizi aliyetuambia hakujua kwamba jina lake pia lilikuwa kwenye orodha. Beshear alipoondoka Desemba 2015 kiwango kilikuwa karibu na asilimia 5. Akaja Matt Bevin, Mrepublikani, kikaendelea kushuka taratibu hadi kucheza karibu na 4. Desemba 2019 akaapishwa Andy Beshear, mtoto wa yule Steve, Mdemokrati tena. Miezi mitatu baadaye ikaja korona, na Aprili 2020 kiwango kikapita asilimia 15. Ilipofika 2022 kikawa chini ya 4, na gavana akatangaza kwamba jimbo halijawahi kuona kiwango cha chini namna hiyo tangu kumbukumbu zianze.

Ukiusimulia mfululizo huu ukiwa Mdemokrati, utasema baba alitoa jimbo shimoni na mwana akalipeleka kileleni. Ukiwa Mrepublikani, utasema Bevin alikabidhi nyumba safi na mwenzake akaifunga kwa amri zake za korona. Mimi nawaomba muweke chati ya Kentucky juu ya chati ya Marekani nzima. Oktoba 2009 nchi nzima ilikuwa asilimia 10. Aprili 2020 nchi nzima ilikuwa 14.7 kwa namba iliyotangazwa kwanza. Mistari miwili inapanda pamoja na kushuka pamoja, kama watoto pacha kwenye bembea. Kentucky haikuwa inamfuata gavana. Ilikuwa inaifuata Marekani.

Na msidhani ni Kentucky tu. Januari 2011 waliapishwa magavana wawili wasiofanana kwa lolote. California alirudi Jerry Brown, Mdemokrati, mzee wa siasa aliyewahi kuwa gavana miaka ya 1970. Florida aliingia Rick Scott, Mrepublikani, mfanyabiashara wa hospitali aliyefanya kampeni kwa ahadi ya kuleta ajira 700,000 katika miaka 7. Mmoja aliwaomba wananchi wakubali kodi zaidi, na mwaka 2012 wakakubali. Mwingine alikata. Majimbo yote mawili yalianza juu ya asilimia 10, na wote wawili walipoondoka, Januari 2019, yote mawili yalikuwa karibu na asilimia 4 au chini yake. Kila mmoja aliondoka akisema ni kazi ya mikono yake. Aliyeingia madarakani 2011 aliingia wakati shimo limeshafika mwisho; hata angelala miaka minane, namba ingeshuka. Ndiyo siri ya magavana wengi wa Republican walioshinda uchaguzi wa 2010 katika Michigan, Ohio, Wisconsin na Nevada. Na kama Wademokrati ndio wangeshinda mwaka ule, leo wao ndio wangekuwa wanawika.

Nimeitaja Nevada. Naomba nikae hapo kidogo, kwa sababu Nevada ni kama maabara aliyoitengeneza mtu anayetaka kujibu swali la yule kijana.

Nevada ina Las Vegas, na Las Vegas ina hoteli, kamari, maonyesho na watalii. Watu wake wengi wanaishi kwa kutandika vitanda vya wageni, kupika, kugawa karata na kujenga nyumba za watu wanaofanya hayo. Mwaka 2008 bei za nyumba zikaanguka, ujenzi ukasimama, na Mmarekani aliyeogopa kupoteza kazi hakupanda ndege kwenda kucheza kamari. Mei 2010 Nevada ikaipita Michigan na kuwa jimbo lenye ukosefu mkubwa kuliko yote nchini, asilimia 14. Gavana wa Nevada wakati huo alikuwa Jim Gibbons, Mrepublikani. Gavana wa Michigan, aliyeachiwa nafasi ya pili, alikuwa Jennifer Granholm, Mdemokrati. Granholm hakuwafilisi General Motors na Chrysler, na Gibbons hakuwafukuza watalii. Walichofanana si chama. Kila mmoja alikuwa amekalia kiti cha mguu mmoja: huyu magari, yule watalii.

Akaja Brian Sandoval, Mrepublikani, uchumi wa nchi ukapona, watalii wakarudi, kiwango kikashuka hadi karibu na asilimia 4. Januari 2019 akaingia Steve Sisolak, Mdemokrati wa kwanza kushika ugavana wa Nevada katika miaka 20. Machi 2020, korona ilipoingia, aliamuru kasino zifungwe, na zilibaki zimefungwa hadi tarehe 4 Juni. Namba ya Aprili ilipotoka ilikuwa asilimia 28.2. Hakuna jimbo lililowahi kufika hapo tangu takwimu za majimbo zianze kuwekwa kwa utaratibu huu mwaka 1976. Mwaka 2022 wapigakura wakamwondoa Sisolak. Alikuwa gavana pekee aliyekuwa madarakani kushindwa katika uchaguzi mkuu wa mwaka ule. Akaingia Joe Lombardo, Mrepublikani, aliyekuwa mkuu wa polisi wa kaunti ya Las Vegas. Na Nevada? Ikaendelea kuwa juu kabisa au jirani na juu kabisa katika orodha ya ukosefu wa ajira nchini.

Magavana wanne, vyama viwili, na mara mbili Nevada imeruka hadi nafasi ya kwanza kwa ubaya: mara ya kwanza chini ya Mrepublikani, mara ya pili chini ya Mdemokrati. Mtu atasema Sisolak ndiye aliyefunga kasino. Ni kweli, amri ilikuwa yake. Lakini hata zingebaki wazi, ndege zilikuwa zinatua tupu. Hawaii, ambayo haina kasino hata moja, ilipata asilimia 22.3 mwezi ule ule, kwa sababu nayo inaishi kwa wageni.

Upande wa pili wa shilingi ni North Dakota. Wakati sisi wengine tunalia 2009 na 2010, kule ukosefu ulikuwa karibu asilimia 4 au chini yake, na mji wa Williston ulikuwa na wanaume wanaolala kwenye magari yao kwa sababu nyumba zimejaa. Warepublikani wanapenda kuitaja North Dakota, kwa kuwa wameshika ugavana wake tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Sawa. Lakini kilicholeta kazi ni mafuta ya eneo la Bakken, na hayo yaliwekwa chini ya ardhi ile kabla chama cha Republican hakijazaliwa.

Sasa wasomi wanasemaje? Msiogope, sitawapa hesabu ya herufi za Kigiriki. Tatizo la kulinganisha vyama ni kwamba majimbo hayafanani. Alabama inachagua Warepublikani na Massachusetts ina watu wake. Ukilinganisha moja kwa moja unalinganisha muhogo na samaki. Kwa hiyo kuna mbinu moja ya werevu: tazama chaguzi ambazo mtu alishinda kwa chupuchupu. Mfano wa kwetu ni mzuri kuliko wa vitabuni. Mwaka 2019 Andy Beshear alimshinda Matt Bevin kwa kura 5,136, kati ya kura zaidi ya 1,400,000. Kama mvua ingenyesha kwenye kaunti fulani na siyo nyingine, Bevin angekuwa gavana. Jimbo ni lile lile, watu ni wale wale, viwanda ni vile vile. Kilichoamua ni kitu kama kurusha sarafu. Ukikusanya chaguzi nyingi za namna hiyo kwa miaka mingi, ukalinganisha waliposhinda Wademokrati kwa chupuchupu na waliposhinda Warepublikani kwa chupuchupu, tofauti inayobaki ndiyo unaweza kuiita kazi ya chama.

Mchumi wa Australia, Andrew Leigh, ambaye baadaye aliingia bungeni kwao kwa chama cha Labor, alitumia mbinu hiyo pamoja na nyingine kwa takwimu za majimbo ya Marekani kuanzia 1941 hadi 2002. Alipima vitu 32: kodi, mishahara, uhalifu, magereza, alama za wanafunzi, kila kitu. Katika vitu 26 kati ya 32, chama cha gavana hakikuonyesha tofauti ya kuaminika. Ukosefu wa ajira ulikuwa miongoni mwa vile sita vilivyobaki, na ulikuwa chini kidogo chini ya Wademokrati.

Naona safu ya kushoto mmeanza kutabasamu. Subirini. Mtu akipima vitu 32, vichache vitajitokeza hata kwa bahati, na Leigh mwenyewe hakutoka pale akiimba nyimbo za chama. Alichohitimisha ni kwamba magavana, wakishaingia ofisini, hawatawali kwa itikadi kiasi tunachodhani. Nami namwamini zaidi kwa sababu yeye ni mtu wa mrengo wa kushoto. Kama angetaka kuona tofauti kubwa, alikuwa na kila sababu ya kuitafuta.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu gavana hana mashine. Riba inapangwa na Benki Kuu ya Marekani. Fedha za kuokoa uchumi zinatoka Bunge la Washington. Hawezi kuchapa dola, hana ushuru wa forodha, na hawezi kuzuia kampuni kuvuka mto kwenda Indiana. Tena karibu majimbo yote yanalazimishwa na sheria zao kusawazisha bajeti, kwa hiyo mdororo ukija, mapato yakashuka, gavana wa chama chochote anaanza kukata matumizi wakati ule ule ambapo angetakiwa kuyaongeza. Na ana bunge la jimbo juu yake. Wa kwetu ni Mdemokrati mwenye bunge lililojaa Warepublikani, na katika Kentucky bunge linapindua kura ya turufu ya gavana, yaani ile ya kuikataa sheria, kwa wingi wa kawaida tu. Mnachagua gavana kwa mbwembwe na mabango, halafu mbunge wa eneo lenu hamlijui hata jina lake. Nani humu anamjua mbunge wake wa Frankfort? Mikono juu. Wawili. Haya, na mmoja ni mimi.

Msije mkasema Mwalimu kasema magavana hawana maana. Nendeni Georgetown, dakika 20 kutoka hapa. Wengi wenu mnafanya kazi pale au mmewahi kupita kwa wakala wa ajira anayepeleka watu pale. Kiwanda kile cha Toyota kililetwa na gavana Martha Layne Collins, Mdemokrati, mwanamke pekee aliyewahi kuongoza jimbo hili. Alisafiri hadi Japani, akapanga vivutio vya fedha za jimbo ambavyo wapinzani walivipigia kelele, na Desemba 1985 Toyota wakatangaza kuja. Camry ya kwanza ilitoka kiwandani mwaka 1988. Yeye alikuwa ameshaondoka, kwa sababu katiba ya jimbo wakati ule haikumruhusu gavana kugombea vipindi viwili mfululizo. Alipanda, na wengine wakavuna kwenye takwimu zao.

Lakini tazameni majirani. Nissan walienda Smyrna, Tennessee, chini ya Lamar Alexander, Mrepublikani. BMW wakaenda South Carolina mwaka 1992 chini ya Carroll Campbell, Mrepublikani. Mercedes wakaenda Alabama mwaka 1993 chini ya Jim Folsom, Mdemokrati. Wote walifuata ardhi ya bei nafuu, barabara kuu, mishahara ya chini kuliko ya Detroit na umbali kutoka kwa vyama vya wafanyakazi vya huko. Serikali za vyama vyote viwili ziliwapokea kwa mikono miwili na pochi wazi. Kiwanda cha betri za magari ya umeme ambacho Ford walikitangaza Glendale, hapa hapa Kentucky, mwaka 2021, na ahadi ya ajira 5,000, Beshear alikizindua kwa shangwe, na wabunge wa Republican ndio waliopitisha fedha za kukivutia. Miaka miwili baadaye, magari ya umeme yalipopoa sokoni, Ford wakausogeza mbele mpango wa jengo la pili. Frankfort haikuulizwa.

Wapo waliojaribu kwa itikadi kweli kweli. Sam Brownback, gavana wa Kansas, alikata kodi ya mapato mwaka 2012 akiahidi uchumi utaruka. Ajira zikakua polepole kuliko za majirani, hazina ikakauka, na mwaka 2017 bunge la chama chake mwenyewe likafuta mpango huo juu ya kura yake ya turufu. Hata hivyo kiwango cha ukosefu wa ajira Kansas kilikuwa cha chini miaka ile yote. Ukiitazama namba hiyo peke yake, hutajua kama kulitokea kitu.

Basi mkono wa gavana uko wapi? Nimesema uko tusipoangalia. Hauko sana kwenye idadi ya watu wanaopoteza kazi. Uko kwenye kinachowapata wakishaipoteza.

Mwaka 2021 serikali ya shirikisho ilikuwa inaongeza dola 300 kwa wiki juu ya malipo ya kukosa kazi, na nyongeza hiyo ilitakiwa kuendelea hadi mwanzoni mwa Septemba. Kuanzia Juni majimbo yapatayo 25 yaliikata mapema. Hapo, ndugu zangu, chama kilionekana waziwazi: magavana walioikata walikuwa Warepublikani karibu wote, isipokuwa John Bel Edwards wa Louisiana, Mdemokrati. Hoja yao ilikuwa kwamba watu wanalipwa kukaa nyumbani, wakikatiwa watarudi kazini. Beshear hakukata, alitoa zawadi ya dola 1,500 kwa watu 15,000 wa kwanza watakaorudi kazini. Wachumi waliofuatilia akaunti za benki za wafanyakazi wa kipato cha chini walipata kwamba katika kila watu 8 waliokatiwa malipo, 1 ndiye aliyepata ajira kwa sababu ya kukatiwa. Wale 7 walipunguza matumizi tu. Kwenye kiwango cha ukosefu wa ajira cha jimbo, jambo hilo halikuacha alama ya maana. Kwenye friji ya mtu, liliacha.

Na hapa kwetu, mwaka 2022, bunge la Frankfort lilipitisha sheria ya kupunguza muda wa malipo ya kukosa kazi. Zamani ulikuwa unapata hadi wiki 26. Gavana akaipigia kura ya turufu, wabunge wakaipindua, na kuanzia 2023 muda unafuata kiwango cha ukosefu wa ajira cha jimbo: wiki 12 kiwango kikiwa chini, ukipanda hatua kwa hatua hadi wiki 24 kikiwa kibaya sana. Naona mama wa safu ya mbele ameinua mkono. Nimekuona, mama, nakuja.

Tafakarini sheria hiyo inafanya nini na namba yetu. Kiwango kinachotumika ni cha jimbo zima. Kaunti ya Woodford, jirani zetu wa farasi, kila mara iko miongoni mwa zenye ukosefu mdogo kabisa Kentucky. Kaunti ya Magoffin, kule milimani makaa ya mawe yalikokwisha, kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa zenye ukosefu mkubwa kabisa. Gavana ni mmoja, chama ni kimoja, kodi ni zile zile. Mtu wa Magoffin akipoteza kazi, anahesabiwa wiki zake kwa wastani uliochanganywa na Lexington na Louisville, ambako tangazo la kazi liko kwenye kila dirisha la mgahawa. Ile namba ambayo gavana anaisifia akiwa amesimama mbele ya bendera ndiyo inayopunguza wiki za mtu wa milimani. Kadiri jogoo anavyowika kwa furaha, ndivyo mtu huyo anavyopata siku chache za kutafuta kazi nyingine.

Kwa hiyo yule kijana wangu, ambaye namwona ameketi pale karibu na nguzo na anajifanya hanijui, mgombea wa 2027 akija hapa kwetu kula pilau na kupiga picha na watoto wetu, asimuulize ataleta ajira ngapi. Amuulize kuhusu wiki 12. Amuulize kama mtu aliyekatwa saa kutoka 40 hadi 16 anaweza kupata malipo ya sehemu, na fomu yake itajibiwa na binadamu anayejua Kiswahili au na mashine. Amuulize mabasi ya kwenda Georgetown zamu ya alfajiri. Halafu amtafute na mbunge wake, amuulize maswali yale yale, kwa sababu bunge ndilo lililoipindua turufu.

Karibu sasa, mama. Kipaza sauti kiko hapo kulia kwako. Umesema ni wewe uliyekatiwa wiki ya 13, au ni binti yako?